Kabla ya kununua spika nyingine, zisogezeni hizo mlizonazo



Katika sebule nyingi za miji yetu siku hizi utaziona spika mbili ndefu za mbao zisimamazo sakafuni, ambazo kimo chake hufika kiunoni au kifuani mwa mtu mzima. Nyingine zimenunuliwa dukani kwa fedha nyingi, nyingine zimeletwa na jamaa waliorejea kutoka Ghuba, na nyingine ni za mtumba ambazo bado zina uhai wa miaka mingi. Zikishafika nyumbani hupangwa kama yapangwavyo makabati. Husukumwa hadi zigote ukutani, moja katika pembe hii na ya pili katika pembe ile, na juu yake huwekwa kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki. Baada ya hapo malalamiko huanza. Babu hasikii maneno ya mhadhiri, anaomba sauti iongezwe. Sauti ikiongezwa, mama aliye jikoni analalamika kwamba nyumba inatetemeka, na babu bado hasikii. Mwishowe baba huhukumu kwamba spika ni mbovu, na fedha ambazo zilikuwa za ada ya shule huanza kutazamwa kwa jicho la tamaa.

Rai yetu ni kwamba fedha hizo zibaki zilipo mpaka spika zijaribiwe mahali pengine ndani ya chumba kile kile. Kazi hiyo huchukua jioni moja, haigharimu kitu, na aghalabu huleta tofauti kubwa kuliko ile inayopatikana kwa kubadilisha spika moja kwa nyingine ya bei ile ile.

Tuanze na sauti yenyewe. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 345 kwa sekunde katika joto la kawaida la chumba. Ile nzito, inayotetema mara 50 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, nalo ni refu kuliko sebule nyingi. Ile nyembamba, inayotetema mara 5,000 kwa sekunde, wimbi lake ni la sentimita 7 tu. Wimbi fupi huelekea mbele kama mwanga wa tochi, na likikutana na pazia au mto wa kochi humezwa. Wimbi refu halina utii huo. Hulizunguka sanduku la spika, likatoka pande zote, likagonga ukuta wa nyuma na kurudi.

Kwa hiyo spika inapogotezwa ukutani, sauti nzito iliyokuwa ikienda nyuma hurudishwa mbele na kujiunga na mwenzake. Ikiwekwa pembeni, penye kuta mbili na sakafu, nyongeza hiyo huwa kubwa zaidi. Sauti nyembamba haipati nyongeza ya namna hiyo, hivyo mizani huelemea upande mmoja. Na sikio la mwanadamu lina tabia yake: sauti nzito yenye nguvu huifunika nyembamba iliyo dhaifu.

Sasa yatazameni maneno haya manne ya lugha yetu: pika, fika, shika, zika. Irabu zake ni zile zile, nazo ndizo zenye nguvu. Kinachoyatofautisha ni konsonanti moja ya mwanzo, mpasuko au mpulizo mdogo wa pumzi, ambao ni mwembamba na wa muda mfupi mno. Mpulizo huo ukifunikwa, msikilizaji hubaki na "ika" mkononi na inambidi akisie. Kijana hukisia upesi bila hata kujua kwamba amekisia. Mzee, ambaye kwa kawaida ya umri masikio yake hupoteza sauti nyembamba kabla ya nzito, huachwa nyuma sentensi nzima, kisha huonekana kana kwamba hafuatilii. Katika usomaji wa Qur'ani jambo hili lina uzito zaidi, kwani tofauti ya sin na swad, au ya tha na sin, ni sehemu ya elimu ile ile ambayo watoto wetu hupelekwa madrasa kujifunza. Kumwongezea babu sauti wakati spika imo pembeni ni kumwongezea kile kile kinachomzuia kusikia.

Chukueni futi ya fundi. Anzeni na sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma hadi mgongoni mwa spika, na sentimita 80 au 90 kutoka ukuta wa ubavuni. Tumetaja vipimo viwili vinavyotofautiana kwa makusudi. Sauti nzito inayorudi kutoka ukutani hufika imechelewa. Ikiwa uso wa spika uko mita 1 kutoka ukutani, sauti iliyokwenda nyuma na kurudi imetembea mita 2 za ziada. Kwa sauti inayotetema karibu mara 86 kwa sekunde, mita 2 ni nusu ya wimbi lake, hivyo hufika ikiwa kinyume na ile ya mbele na kuidhoofisha. Hakuna umbali usio na kasoro ya namna hii, kwani kila umbali una sauti yake inayodhoofika. Lakini umbali wa nyuma ukilingana na wa ubavuni, kasoro mbili huangukia sauti moja na shimo huwa kubwa. Umbali ukitofautiana, kila kasoro huangukia mahali pake na sikio huzivumilia.

Tunafahamu kwamba baadhi ya wasomaji wanacheka wanaposoma vipimo hivi. Sebule ni ya mita 3 kwa 4, ina makochi matatu, meza ya kioo, kabati la vyombo na friji ambayo haikupata nafasi jikoni. Sentimita 60 zitoke wapi? Kwa nyumba kama hiyo, jambo la kwanza ni kuzitoa spika pembeni, hata kama zitabaki karibu na ukuta wa nyuma, kwa sababu pembe ndiyo yenye madhara makubwa. Sentimita 30 ni bora kuliko 5. Ikiwa spika ina tundu la duara mgongoni, ambalo ni la kupitishia sauti nzito, na ukuta uko karibu mno, tundu hilo laweza kuzibwa kwa kipande cha sponji au hata soksi safi iliyokunjwa. Baadhi ya viwanda huziuza spika zao pamoja na vizibo vya sponji kwa ajili hiyo hiyo. Njia nyingine, ambayo sisi tunaipendelea, ni kuzivuta spika mbele wakati wa kusikiliza na kuzirudisha baada ya hapo. Kitambaa kizito chini ya spika huifanya iteleze juu ya marumaru bila kukwaruza.

Baada ya ukuta huja suala la kukaa. Kuna sababu ya spika kuwa mbili. Mwaka 1931 mhandisi wa Kiingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, aliwasilisha maombi ya kulinda uvumbuzi wake wa kile tunachokiita leo stirio. Inasimuliwa kwamba alikerwa na sinema za zama zake, ambamo mwigizaji alitembea kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine ilhali sauti yake imebaki pale pale. Baadaye alirekodi garimoshi zikipita katika stesheni ya Hayes ili kuonyesha kwamba sauti yaweza kulifuata garimoshi. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1942 akiwa katika majaribio ya rada, na rekodi za stirio hazikuenea madukani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mpango wake hufanya kazi pale tu msikilizaji anapokuwa katika umbali ulio sawa na spika zote mbili. Pimeni umbali kati ya spika na spika, tuseme mita 2 na nusu, kisha wekeni kiti mahali ambapo umbali hadi kila spika pia ni mita 2 na nusu. Pembetatu hiyo yenye pande sawa ndiyo mwanzo mzuri. Zigeuzeni spika kidogo zimwelekee msikilizaji. Mtu mmoja anapozungumza redioni, sauti yake yapasa isikike kana kwamba inatoka hewani, katikati, mahali pasipo na chombo chochote. Isiposikika hivyo, au ikiwa sauti imetawanyika na besi imepungua ghafla, tazameni nyaya kwanza. Waya wa tundu jekundu la amplifaya wapasa kuingia katika tundu jekundu la spika, na mweusi katika jeusi, kwa spika zote mbili. Waya za spika moja zikipishana, spika hiyo husukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na sauti nzito huuana. Amplifaya izimwe kabla ya kugusa nyaya, na nyuzi za shaba za waya mmoja zisiuguse mwingine.

Vitabu vya mafundi huishia hapo, kwa msikilizaji mmoja katika kiti kimoja. Familia zetu haziishi hivyo. Nyumba ina watu saba au zaidi, na ni mmoja tu anayeweza kukaa kwenye ncha ya pembetatu. Ushauri wetu ni kwamba nafasi hiyo apewe yule mwenye masikio dhaifu kuliko wote, hata kama ni bibi na mwenye spika ni kijana. Kwa wanaokaa ubavuni, iko njia ya kuwasaidia: zigeuzeni spika ndani zaidi, hadi mistari ya kutazama kwake ikutane mbele kidogo ya msikilizaji wa katikati. Aliyekaa kushoto huwa karibu na spika ya kushoto, lakini haimtazami usoni tena. Spika ya kulia, iliyo mbali naye, ndiyo inayomtazama. Ukaribu wa moja na mwelekeo wa nyingine husawazishana kwa kiasi fulani, na mtoto wa kushoto naye husikia sauti ikielekea katikati.

Kadhalika spika hizi zilibuniwa kwa watu wanaokaa vitini. Spika ndogo ya juu, inayotoa sauti nyembamba, huwa aghalabu katika kimo cha sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni, ambacho ni kimo cha sikio la mtu aliyeketi kwenye kochi. Nyumba ambayo watu hukaa mkekani au kwenye magodoro ya kuegemea, sikio huwa sentimita 70 hivi. Sauti ya spika ya juu na ile ya spika ya kati zimepangwa zikutane vizuri katika kimo fulani. Mtu akishuka chini yake hupishana, na baadhi ya sauti hupungua. Jaribuni wenyewe: fungueni taarifa ya habari, sikilizeni mkiwa kwenye kiti, kisha mkiwa mkekani, kisha mkiwa mmesimama, na msikie namna herufi ya "s" inavyobadilika. Tiba yake ni kukaa mbali kidogo, kwani kadiri mtu anavyosogea nyuma tofauti ya kimo hupungua nguvu. Wapo wanaoinua miguu ya nyuma ya spika kwa kibao cha sentimita 2 ili iiname mbele. Hufaa, ila katika nyumba yenye watoto wadogo hatuipendekezi.

Maadamu tumewataja watoto, tuseme hili bila kuzungukazunguka. Spika ndefu yenye uzito wa kilo 15 au 20 iliyotolewa ukutani haina cha kuegemea. Mtoto wa miaka miwili huishika, huvuta, hupanda. Ifungwe kwa kamba imara kutoka mgongoni mwake hadi kwenye skrubu ya ukutani, na chombo cha maua kiondolewe juu yake, maana ndicho kinachomvutia mtoto anyanyue mikono. Waya zipite kando ya ukuta au chini ya zulia, mahali ambapo babu hawezi kujikwaa.

Chumba chenyewe nacho husema. Sakafu ya marumaru, kuta za saruji, madirisha ya vioo na meza ya kioo katikati, vyote hurudisha sauti badala ya kuimeza. Kisa cha kale kidogo kitatusaidia hapa. Mwaka 1895 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, palikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo hakuna aliyeweza kuelewa mhadhiri anasema nini. Neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5, likapandiwa na mengine yaliyofuata. Kazi ya kutafuta dawa ilikabidhiwa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Usiku, watu walipokuwa wamelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga ndani ya ukumbi huo, wakapima muda ambao sauti huchukua hadi kutoweka, kisha wakairudisha kabla ya asubuhi. Kila mito ilipoongezwa, sauti ilikufa mapema zaidi. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni ambayo mafundi wa majengo huitumia hadi leo, na yeye ndiye aliyetoa ushauri wa sauti katika ujenzi wa ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900.

Kwa hiyo zulia kati ya spika na msikilizaji lina kazi. Pazia zito lina kazi. Makochi ya sponji yana kazi, na kitambaa kinene juu ya meza ya kioo kina kazi pia, ingawa ni bora meza hiyo isogezwe kando wakati wa kusikiliza. Mkitaka kujua ni wapi ukutani pa kushughulikia, mmoja akae kwenye kiti cha katikati, mwingine apitishe kioo cha kujitazamia ukutani ubavuni, katika kimo cha spika. Pale ambapo aliyeketi anaiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga ukuta na kumrukia. Wekeni pazia hapo, au rafu ya vitabu. Watoto huipenda kazi ya kushika kioo. Msiuzibe ukuta wote, kwani chumba kilichozibwa kupita kiasi huchosha masikio, na mapazia mazito mengi katika joto la pwani ni adhabu.

Mahali pa kiti pia pana shauri lake. Kuta mbili zinazotazamana hufanya sauti fulani nzito zirundikane kandokando na kutoweka katikati. Katika chumba chenye upana wa mita 4, sauti inayotetema takriban mara 43 kwa sekunde ni nzito mno ukutani na karibu haipo katikati ya chumba. Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, huwa na shida hiyo pande zote mbili kwa sauti ile ile, nacho ndicho kigumu kuliko vyote. Kochi lililogota ukuta wa nyuma humtia msikilizaji ndani ya rundo la besi, na kukaa katikati kabisa humnyima. Livuteni kochi sentimita 40 au 50 tu kutoka ukutani, mahali pa kupita mfagio, na maneno yatakuwa wazi zaidi.

Katika majaribio haya tunashauri mtumie taarifa ya habari au mazungumzo ya mtu mmoja. Watu watakuwa wakivuta makochi, wakiitana na kubishana, na Qur'ani haistahili kusomwa mahali ambapo hakuna anayeisikiliza. Iacheni mpaka kila kitu kimetulia. Sogezeni spika sentimita 10 kwa wakati mmoja, zote mbili kwa kipimo kile kile, kisha mumuulize babu. Msimuulize kama sauti ni nzuri, maana atasema ni nzuri ili msihangaike. Mwombeni arudie sentensi aliyoisikia. Ikiwa hata katika mazungumzo ya kawaida ana kwa ana hasikii, spika hazihusiki, na apelekwe kwa daktari wa masikio; huenda ni nta tu.

Mkisikia mlio wa kutetema ambao hamwelewi unatoka wapi, tafuteni kwenye kabati la vyombo na kwenye vioo vya dirisha kabla ya kuishutumu spika. Mtu aguse kioo kimoja kimoja kwa kidole hadi mlio ukome, kisha kipande cha mpira kiwekwe hapo. Na wale wanaoishi katika nyumba za vyumba vingi, ambamo ukuta wa chumba haufiki batini, wakumbuke kwamba sauti nzito ndiyo inayovuka kwa jirani kuliko zote. Spika iliyotolewa pembeni humpunguzia jirani huyo bughudha, kwani maneno husikika bila kuongeza sauti.

Mahali panapofaa pakishapatikana, wekeni vipande vya tepu sakafuni kwenye pembe za kila spika, na kimoja kwenye mguu wa kiti cha babu. Anayefagia kesho asubuhi atavisukuma vyote ukutani kama ilivyo desturi, na jioni vitarudishwa kwenye tepu.